Somo kwa Vyama vya Msingi: Kujua Kilichomo Ndani ya Mafuta ya Karafuu

Mwanachama akisha kuchambua na kuanika karafuu zake, hubakiwa na makonyo. Chini ya mikarafuu yake pia huanguka majani mengi kila mwaka. Wengine huyaacha yaoze shambani, na wengine huyauza kwa bei ndogo sana. Hata hivyo makonyo na majani hayo yana mafuta ya kunukia ambayo viwanda vya dawa, sabuni, manukato na vyakula huyanunua. Huko Wawi, kisiwani Pemba, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar lina kiwanda kinachotoa mafuta katika makonyo. Upande wa Bara nako, hasa katika mikoa ya Morogoro na Tanga ambako karafuu hulimwa na wakulima wadogo, chama cha msingi chaweza kufikiria kazi hiyo.

Lakini kuwa na mtambo si kuwa na biashara. Siku mnunuzi atakapofika, hatauliza kama mafuta yananukia vizuri. Atauliza: “Yana yujenoli asilimia ngapi?” Katibu asiyeweza kujibu swali hilo hana budi kupokea bei atakayotajiwa. Tena, mzigo ukikataliwa kwa madai kwamba umechanganywa, chama hakitakuwa na la kujitetea. Wahenga walisema chema chajiuza. Katika soko la mafuta ya kunukia, chema hujiuza kikiwa na cheti cha uchambuzi kinachoaminika. Somo hili linaeleza jinsi wataalamu wanavyotenganisha na kutambua vitu vilivyomo ndani ya mafuta hayo, na wajibu wa chama katika kazi hiyo.

1. Mafuta ya kunukia ni nini

Mafuta ya kunukia si sawa na mafuta ya nazi au ya alizeti. Tone la mafuta ya nazi likidondoshwa juu ya karatasi huacha doa la kudumu. Tone la mafuta ya kunukia yaliyo safi hutoweka polepole hewani, na karatasi ikipashwa moto kidogo hutoweka upesi zaidi.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba mafuta hayo si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa vitu vingi. Kila kimoja cha vitu hivyo huitwa kampaundi, yaani kitu ambacho chembe zake zote zimejengwa kwa namna moja. Katika mafuta ya karafuu kampaundi kuu ni tatu. Ya kwanza ni yujenoli, ambayo ndiyo yenye harufu kali na ladha ya kuchoma. Ya pili ni yujenili asetati, na ya tatu ni kariofileni. Nyingine zimo kwa kiasi kidogo.

Mgawo wa kampaundi hizo hutofautiana kwa kadiri ya sehemu ya mti. Mafuta ya karafuu yenyewe kwa kawaida huwa na yujenoli asilimia 75 hadi 85, pamoja na yujenili asetati ya kutosha. Mafuta ya makonyo huwa na yujenoli asilimia 83 hadi 92, lakini yujenili asetati ni kidogo. Mafuta ya majani huwa na yujenoli asilimia 80 hadi 92, na kariofileni huweza kuwa nyingi zaidi. Kwa hiyo yujenoli nyingi peke yake haionyeshi kwamba mafuta ni ya karafuu yenyewe. Mtaalamu huyatambua mafuta kwa kuutazama mgawo wote, na ndiyo maana mtu anayechanganya mafuta ya majani na ya karafuu, kisha akayauza kwa jina la karafuu, hugunduliwa.

2. Hatua ya kwanza: kuyatoa mafuta

Njia ya kawaida ni kukeneka, yaani kupitisha mvuke wa maji katika makonyo, kisha kuupoza mvuke huo urudi kuwa maji. Yujenoli peke yake huchemka katika nyuzi 254 za Sentigredi. Kuyapasha makonyo joto la namna hiyo kungeyaunguza. Lakini mvuke wa maji na mvuke wa mafuta hutoka pamoja katika joto lililo chini kidogo ya nyuzi 100. Kwa njia hiyo mafuta hutolewa bila ya kuharibiwa.

Mchanganyiko uliopozwa huingia katika chombo cha kupokelea. Mafuta mengi ya kunukia, kama yale ya mkaratusi na mchaichai, huelea juu ya maji. Mafuta ya karafuu huzama, kwa sababu ni mazito kuliko maji: lita moja huwa na uzito wa kilo 1.04 hadi 1.07. Kwa hiyo chombo cha kupokelea lazima kiwe na njia ya kutolea mafuta chini. Chama kilichonunua chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mkaratusi kitapata taabu katika karafuu.

Kilo 100 za makonyo makavu kwa kawaida hutoa kilo 5 hadi 7 za mafuta. Majani hutoa kilo 2 hadi 3, na karafuu zenyewe kilo 15 hadi 20. Hesabu hizo ni msaada mkubwa kwa kamati ya usimamizi. Ikiwa daftari linaonyesha kilo 100 za makonyo zimetoa kilo 2 tu, basi ama mvuke unavuja, ama moto umezimwa mapema, ama mafuta yamepotea njiani. Ikiwa daftari linaonyesha kilo 11, furaha ingojee kwanza. Yawezekana mizani ina kasoro, au kuna kitu kimeongezwa ndani ya pipa.

Ikumbukwe pia kwamba mafuta yanayotoka saa za mwanzo hayalingani kabisa na yale ya saa za mwisho. Anayezima moto kabla ya wakati ili kuokoa kuni hupunguza wingi wa mafuta na hubadili pia mgawo wa kampaundi. Aidha, mafuta ya karafuu yasikae katika vyombo vya chuma kinachoshika kutu, kwani yujenoli ikikutana na chuma hugeuka rangi na kuwa nyeusi. Vyombo vya chuma kisichoshika kutu au chupa za kioo cheusi hufaa.

3. Hatua ya pili: kuitenga kampaundi moja

Baada ya kupata mafuta, mtaalamu hutaka kuitoa yujenoli ikiwa peke yake. Hapa hutumia tabia yake ya asili. Yujenoli ina tabia ya asidi dhaifu, na kariofileni haina tabia hiyo. Mafuta yakitikiswa pamoja na maji yenye kostiki soda, yujenoli huungana na kostiki na kugeuka kuwa chumvi inayoyeyuka katika maji. Kariofileni hubaki juu kama mafuta. Tabaka hizo mbili hutenganishwa katika faneli yenye bilula chini. Kisha tabaka la maji hutiwa asidi. Asidi huivunja ile chumvi, na yujenoli hurudi kuwa mafuta kama ilivyokuwa mwanzo. Mwishowe husafishwa kwa kukenekwa tena ndani ya chombo kilichopunguzwa hewa, ili ichemke katika joto dogo.

Kazi hiyo ni ya maabara. Kostiki soda huunguza ngozi na hupofusha macho, na asidi vivyo hivyo. Chama kisijaribu kuifanya ghalani.

Njia hiyo haifai kwa mafuta yote. Kampaundi kuu ya mchaichai ni sitrali, na ya mikaratusi mingi ni sineoli, nazo hazina tabia ya asidi kama ya yujenoli. Kwa mafuta kama hayo hutumika ukenekaji wa vipande vipande, ambapo kila kampaundi hutolewa katika joto lake, au kromatografia. Njia hii ya pili ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea wa Urusi. Yeye alipitisha maji ya rangi ya majani katika bomba lililojazwa unga wa chaki, akaona rangi zikijipanga moja juu ya nyingine, kwa sababu kila rangi ilishikwa na unga kwa nguvu tofauti. Vivyo hivyo kampaundi za mafuta husafiri kwa mwendo tofauti, na kila moja hukingwa katika chupa yake.

4. Hatua ya tatu: kuitambua kampaundi

Kutenga kitu si kukijua. Baada ya kutenga, mtaalamu huuliza: Hiki ni nini hasa? Hapa huita mashahidi zaidi ya mmoja.

Shahidi wa kwanza ni uzito. Tufanye hesabu. Lita 9 za mafuta safi, yenye kilo 1.05 kwa lita, zimechanganywa na lita 1 ya mafuta ya nazi, yenye kilo 0.92 kwa lita. Uzito wote ni kilo 9.45 kuongeza 0.92, yaani kilo 10.37 kwa lita 10. Kila lita sasa ina kilo 1.037. Mchanganyiko huo bado utazama katika maji, na pua haitauona udanganyifu. Lakini umekwisha shuka chini ya 1.04, na chombo cha kupimia uzito kitaonyesha.

Shahidi wa pili ni spiriti. Mafuta safi ya karafuu huyeyuka kabisa katika spiriti ya asilimia 70 iliyo mara mbili ya ujazo wake. Mafuta ya nazi hayayeyuki, bali hufanya ukungu mweupe. Kipimo hicho ni rahisi, na karani aliyefundishwa aweza kukifanya katika chumba chenye hewa, mbali na moto.

Shahidi wa tatu ni chupa yenye shingo ndefu iliyochorwa alama za mililita. Mtaalamu hutia humo mililita 10 za mafuta na maji ya kostiki, hupasha moto na kutikisa, kisha huongeza maji ya kostiki hadi mafuta yasiyoungana yapande shingoni. Yakipanda mililita 1.2, maana yake mililita 8.8 zimeungana, yaani asilimia 88.

Hapa pana jambo ambalo limeweza kuzusha ugomvi usio na sababu. Kipimo cha chupa huhesabu kila kitu kinachoungana na kostiki. Joto la kipimo huivunja yujenili asetati pia, ikageuka kuwa yujenoli na kuhesabiwa pamoja nayo. Kwa hiyo cheti cha chupa chaweza kusema asilimia 88, na mashine ya mnunuzi ikasema 84, bila ya upande wowote kudanganya. Katibu asome kwanza njia iliyotumika, na mkataba wa mauzo utaje njia hiyo tangu mwanzo.

Mashine yenyewe ni ya kromatografia ya gesi, njia iliyotangazwa na James na Martin huko Uingereza mwaka 1952. Tone dogo la mafuta hugeuzwa mvuke na kusukumwa na gesi ndani ya bomba refu jembamba. Kila kampaundi hutoka kwa dakika yake, na mashine huchora mlima kwa kila moja. Ukubwa wa mlima huonyesha wingi wa kampaundi, na dakika ya kutoka huashiria jina lake.

Hata hivyo dakika peke yake haitoshi, kwa kuwa kampaundi mbili zaweza kutoka karibu wakati mmoja. Kwa hiyo mashine nyingi za siku hizi huunganishwa na nyingine inayopima uzito wa molekuli. Molekuli ya yujenoli ina kaboni 10, haidrojeni 12 na oksijeni 2. Kaboni moja ni 12, haidrojeni 1 na oksijeni 16. Jumla ni 120 kuongeza 12 kuongeza 32, yaani 164. Lakini kuna kampaundi nyingine, isoyujenoli, ambayo nayo ina uzito wa 164, kwa sababu imejengwa kwa chembe zile zile zilizopangwa kwa namna nyingine. Uzito hauwezi kuzitofautisha peke yake. Dakika ya kutoka, ikilinganishwa na ile ya yujenoli safi inayojulikana, husaidia kuzitenga. Na kampaundi mpya isiyojulikana huchunguzwa pia kwa mionzi na kwa sumaku yenye nguvu, ili mpangilio wa chembe zake uonekane. Mtaalamu hukubali jina pale tu mashahidi wote wanapopatana.

5. Hatua ya nne: kupima kazi yake

Watu wengi husema mafuta fulani “yanaua vijidudu.” Maabara hulipima neno hilo. Bakteria hupandwa juu ya sahani yenye agari. Juu yake huwekwa vipande vidogo vya karatasi vilivyolowekwa: kimoja mafuta yote, kimoja yujenoli iliyotengwa, kimoja kariofileni, kimoja dawa inayojulikana, na kimoja kiyeyushi kitupu. Siku ya pili hupimwa upana wa duara ambamo bakteria hawakuota. Ikiwa kiyeyushi kitupu nacho kimefanya duara, jaribio zima halina maana. Ikiwa yujenoli imefanya duara kubwa na kariofileni haikufanya, hapo ndipo inapojulikana ni ipi katika kampaundi zilizomo iliyofanya kazi.

Yujenoli imeonekana katika vipimo vya namna hiyo kuzuia bakteria na kuvu wa aina nyingi. Waganga wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kufanya ujazo wa muda wa jino. Lakini kutoka katika sahani hadi katika mwili wa mtu ni safari ndefu. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza fizi na ngozi. Mtoto mdogo akinywa hata mililita 5 hadi 10, aweza kupata degedege, kupoteza fahamu na kuharibika ini. Chupa za mafuta zisiwekwe mahali watoto wanapofikia, wala zisiwe zile zile za soda au za dawa ya kikohozi.

Kwa sababu hiyo chama kisiandike neno “dawa” juu ya chupa zake kwa kuwa tu maabara imeona duara katika sahani. Dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na dawa za asili husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mafuta yauzwe kama mafuta ya karafuu, yakiwa na jina la sehemu ya mti na cheti chake.

6. Wajibu wa chama

Mashine ya maabara husema kweli juu ya tone lililoletwa. Haiwezi kujua kama tone hilo ni mfano halisi wa pipa. Kwa hiyo usahihi wa cheti huanzia ghalani, mikononi mwa katibu. Mambo yafuatayo yazingatiwe:

(a) Makonyo, majani na karafuu vikenekwe mbalimbali, na mafuta yake yasichanganywe.

(b) Kila mkupuo wa mtambo uwe na namba. Daftari lionyeshe tarehe, uzito wa mali ghafi, saa za moto na uzito wa mafuta.

(c) Kabla ya kuchota sampuli, mafuta yakorogwe vizuri. Sampuli itolewe juu, katikati na chini ya pipa, kisha ichanganywe.

(d) Sampuli igawanywe katika chupa 3 safi za kioo cheusi, zijazwe hadi karibu na kizibo ili hewa isiyachafue mafuta. Zitiwe lakiri na zitiwe sahihi na mwenyekiti, katibu na mnunuzi. Moja iende kwa mnunuzi, moja iende maabara, na moja ibaki chamani mahali penye baridi na giza. Ugomvi ukitokea, chupa hiyo ya tatu ndiyo itakayokuwa shahidi wa chama.

(e) Cheti kitaje namba ya mkupuo, njia iliyotumika na tarehe. Cheti cha mkupuo mmoja kisitumike kuuzia mwingine.

(f) Gharama ya uchambuzi ipitishwe na kamati na kuonyeshwa wazi katika hesabu za Mkutano Mkuu. Vyama vidogo vyaweza kushirikiana kupitia Chama Kikuu ili gharama hiyo igawanywe.

Yafaa kila mwanachama aelewe jambo moja zaidi. Pipa la chama ni la wote. Mwanachama mmoja akitia lita moja ya mafuta ya nazi katika mzigo wenye asilimia 85, akaongeza wingi kwa sehemu moja ya kumi, yujenoli hushuka hadi karibu asilimia 76 au 77. Mzigo huo hautakataliwa kwa jina lake yeye. Utakataliwa kwa jina la chama, na waliochambua makonyo yao kwa uaminifu watakosa malipo pamoja naye. Kipimo, basi, humlinda mwanachama mwaminifu dhidi ya mnunuzi mjanja, na humlinda pia dhidi ya mwenzake asiye mwaminifu.

Maswali kwa vikundi vya kujisomea

1. Kwa nini mafuta ya karafuu hutoka katika joto lililo chini ya nyuzi 100 ilhali yujenoli huchemka katika nyuzi 254?

2. Chama kimekeneka kilo 400 za makonyo makavu na kupata kilo 9 za mafuta. Je, kiasi hicho chatosha? Kamati ichunguze mambo gani?

3. Katika chupa ya kipimo, mililita 10 za mafuta zimeacha mililita 1.5. Asilimia ni ngapi? Kwa nini mashine ya gesi yaweza kutoa asilimia ndogo zaidi?

4. Kwa nini uzito wa 164 peke yake hautoshi kuthibitisha kwamba kampaundi ni yujenoli?

5. Je, chama chenu kina daftari la sampuli? Kama hakina, ni nani atakayelianzisha, na lini?